Ombi Lililobeba Namba ya Mutindi

Muda ambao mahakama ilikuwa imewapa polisi kumshikilia Mutindi ulikuwa unaisha Ijumaa saa nane mchana. Saa mbili asubuhi hiyo Inspekta Kalekye alimtoa seli, akamketisha kwenye chumba cha mahojiano, akamsukumia karatasi moja.

"Soma tena."

"Nimeisoma mpaka naiota."

"Soma kwa sauti."

Mutindi alikuwa muuguzi wa miaka tisa katika Hospitali ya Mama Mwikali, hospitali ya binafsi ya orofa mbili nje kidogo ya mji wa Machakos. Alikuwa bado na sare aliyokamatwa nayo Jumatatu, kola imegeuka rangi. Aliivuta karatasi kwa kidole kimoja kama kitu kichafu.

"Mgonjwa, Ndila Nzioka. Aleji, hakuna. Imeandikwa saa tatu na dakika kumi asubuhi. Mfanyakazi, 0417." Aliirudisha. "Namba ni yangu. Hayo maneno si yangu. Mimi niliandika penisilini. Huyo mama alinionyesha kadi yake ya kliniki ya Masii, imepigwa mstari kwa wino mwekundu. Nitaandikaje hakuna?"

"Hii imetoka kwa kompyuta ya hospitali."

"Basi kompyuta inadanganya."

"Kompyuta haina sababu ya kudanganya, sista."

"Mimi niko na sababu gani?" Mutindi alimtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Niambie moja tu. Siku tano mnaniuliza niliandika nini. Hakuna mtu ananiuliza nani alishika sindano."

Kalekye hakuhitaji kuuliza. Alikuwa amerithi faili hiyo jana jioni kutoka kwa mwenzake aliyehamishwa, na alikuwa ameisoma yote. Ndila, mkulima wa miaka ishirini na sita, alijikata mguu na jembe. Kidonda kikaoza. Ijumaa iliyopita aliingia hospitalini kwa miguu yake mwenyewe. Saa tano Daktari Mwangangi, mwenye hospitali, alimdunga penisilini kwa mkono wake. Saa tano na dakika ishirini Ndila alikuwa amekufa. Faili nzima ilisimama juu ya karatasi hiyo moja: muuguzi aliandika kwamba mgonjwa hana aleji, daktari akaamini, mgonjwa akafa.

"Ulikuwa wapi sindano ikipigwa?"

"Chumba cha kujifungulia. Walinikimbilia wakati ameshafura uso."

Kalekye alikunja karatasi akaitia mfukoni.

Nje, kwenye benchi la mapokezi, mume wa marehemu alikuwa ameketi na kofia magotini. Nzioka alikuwa amekuja kuchukua barua ya kuruhusu mwili utoke mochari. Maziko yalikuwa kesho. Kalekye aliketi kando yake.

"Pole sana, baba. Niko na swali moja. Pale hospitalini, ile asubuhi, kuna mtu mlimwambia mambo ya penisilini?"

"Yule sista." Nzioka hakusita. "Mke wangu alimpa kadi. Akaisoma, akaandika kwa ile tablet yake, akatugeuzia tuone. Kulikuwa na sanduku jekundu. Akasema, sasa mtu yeyote akifungua hii ataona."

"Hilo sanduku jekundu uliliona wewe mwenyewe?"

"Kwa macho yangu."

"Na haya ulimwambia afisa aliyekuandikisha taarifa?"

"Hakuniuliza. Aliniuliza mke wangu alikuwa na miaka mingapi, na kama tulikuwa tunagombana nyumbani."

Kalekye alifungua daftari. Kisha akauliza baada ya kifo nani alikuja kuzungumza naye.

"Hakuna. Huyo sista peke yake ndiye alikaa na mimi, analia. Daktari hakushuka. Mpaka leo sijawahi kusikia sauti yake."

Aliandika maneno hayo, akamsomea, Nzioka akatia sahihi. Alipoinuka alimkuta mkuu wa kituo, Musau, amesimama mlangoni mwa ofisi yake na kikombe cha chai.

"Kalekye. Saa nane huyo mwanamke anasomewa mashtaka. Unatafuta nini tena?"

"Swali ambalo lilipaswa kuulizwa Jumatatu."

"Namba yake iko kwa rekodi."

"Namba, ndiyo. Bado sijaambiwa namba ilifikaje hapo."

"Saa nane," alisema Musau, akafunga mlango.

Mtu aliyeunda mfumo wa rekodi wa hospitali aliitwa Mumo. Alikuwa na ofisi ya chumba kimoja mjini, juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda mpaka kwenye ngazi. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na alipoona kitambulisho cha polisi alianza kupanga waya zilizokuwa zimepangika tayari.

"Madam, mimi nilishatuma ripoti. Daktari aliniomba nichapishe, nikachapisha."

"Ulichapisha mistari minne. Seva inahifadhi mistari minne?"

"Huo ni muhtasari."

"Nataka yenyewe. Kila kitu kilichofika kwa seva Ijumaa iliyopita kikiwa na jina la Ndila."

"Ni vitu vya kiufundi sana, madam. Hutaelewa."

Kalekye alivuta kiti, akakiweka kati ya Mumo na mlango, akaketi. "Niko na mpaka saa nane. Nieleweshe."

Mumo alifungua kompyuta. Alieleza kwa kusitasita mwanzoni, kisha kwa haraka ya mtu aliyezoea kazi yake. Muuguzi akibonyeza kuhifadhi, tablet inatuma ombi kwa seva, kompyuta kuu inayohifadhi rekodi zote. Ombi ni kama barua. Maneno ya mgonjwa yako ndani, na juu ya bahasha kuna maandishi mengine ambayo msomaji wa kawaida hayaoni. Hayo wanaita heda. Yeye, kwenye msimbo wa programu aliouandika, alikuwa ameagiza kila ombi liongezewe heda tatu kabla ya kuondoka: ufunguo wa siri unaoonyesha kwamba ombi limetoka kwa programu ya hospitali, namba ya mfanyakazi, na namba ya kifaa.

"Hiyo namba ya mfanyakazi inaandikwa na nani?"

"Programu. Muuguzi akiingia na nenosiri lake, programu inajua ni yeye. Inaweka namba yake kwa heda."

"Na seva ikipokea, inahakikishaje?"

"Inaangalia ufunguo."

"Sijauliza ufunguo. Namba."

Mumo alikuna shingo. "Kama ufunguo ni sawa, seva inaamini namba."

"Inaamini tu."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo mtu akiwa na huo ufunguo, anaweza kutuma bahasha iliyoandikwa namba ya Mutindi. Hata Mutindi akiwa amelala."

"Ikiwa ana ufunguo."

"Jibu ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

Kalekye alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake na hakukiokota. "Wewe ulijua hivi Jumatatu."

"Madam, hospitali nne zinatumia huu mfumo. Nikisema seva inaamini chochote, kesho zote zinanifukuza. Nilikuwa nipange kurekebisha..."

"Mwanamke amelala kwa sakafu ya seli siku tano. Ana mtoto wa darasa la pili ambaye ameambiwa shuleni mama yake ameua mtu. Na wewe uko hapa unapanga waya." Hakuwa amepaza sauti. Aliishusha, na Mumo alirudi nyuma na kiti chake mpaka ukutani. "Fungua hiyo rekodi."

Ilifunguka. Kwa jina la Ndila, sehemu ya aleji, kulikuwa na maombi mawili. La kwanza lilifika kwa seva saa tatu na dakika kumi. Lilikuwa na heda zote tatu. Namba ya kifaa ilikuwa ya tablet ya wodi ya wanawake. Ndani yake: penisilini.

La pili lilikuwa na ufunguo, na lilikuwa na 0417. Mahali pa namba ya kifaa palikuwa patupu. Ndani yake: hakuna.

"Hili la pili lilifika saa ngapi?"

"Hapa. Saa sita kasoro dakika nane."

"Karatasi yako inasema saa tatu na dakika kumi."

"Hiyo ni saa ya ndani ya barua. Anayetuma anaweza kujaza yake. Hii ya seva hakuna mtu anaweza kujaza, seva inajigongea yenyewe kama muhuri wa posta." Mumo alikuwa ameanza kusoma skrini upya, midomo ikicheza. "Muhtasari unachukua saa ya ndani. Na unachukua ombi la mwisho. La kwanza limefunikwa."

Saa sita kasoro dakika nane. Ndila alikuwa amekufa nusu saa nzima. Saa hiyo Mutindi alikuwa ameketi na Nzioka, analia.

"Nani ana ufunguo?"

Mumo alirudi kwenye waya zake.

"Ni wewe peke yako?"

"Siwezi kufanya kitu kama hicho, madam."

"Ulikuwa wapi saa hiyo?"

"Athi River. Naweka mfumo kwa zahanati ya kiwanda. Niliandika kitabu cha geti."

Kalekye alimtaka ampe namba ya kiwanda, akaipiga mwenyewe, akaongea na mlinzi wa zamu. Aligonga meza kwa kalamu wakati mlinzi akipekua kurasa. Kitabu kilionyesha Mumo aliingia saa nne na kutoka saa tisa. Gari lake lilibaki ndani.

"Ungeweza kutuma ukiwa huko."

"Ningeweza. Lakini angalia hii." Mumo aligusa skrini kwa ukucha. "Kila ombi linaonyesha limetoka kwa mtandao gani. Hili limetoka kwa laini ya ofisi za hospitali, ghorofa ya juu. Wodi zina laini yao. Mimi nikituma kutoka Athi River, ingekuwa namba tofauti kabisa."

"Tablet za wodi zinaweza kupanda juu?"

"Hata zikipanda, zingeweka namba ya kifaa. Hii haina." Alishika paji la uso. "Haina kwa sababu haikutoka kwa tablet. Imetoka kwa Kiraka."

"Kiraka ni nani?"

"Si mtu. Ni programu ndogo niliandika mwaka wa kwanza, ya kurekebisha rekodi zikikosewa. Unajaza namba ya mfanyakazi, unajaza saa, unajaza neno jipya. Niliiandika kabla sijaanza kuweka heda ya kifaa, na sikuirudia. Ufunguo uko ndani ya msimbo wake. Anayeitumia hata hajui uko."

"Iko kwa kompyuta ngapi?"

"Mbili. Moja ni ya ofisi ya rekodi." Alionyesha chini ya meza, ambako kompyuta ilikuwa wazi, matumbo nje. "Iko hapa tangu mwezi wa sita, imeungua. Ya pili ni laptop ya Daktari Mwangangi."

Kalekye aliokota kiti. Alimfanya Mumo anakili rekodi nzima ya siku hiyo kwenye flashi mbili, akazitia kwenye bahasha, wakatia sahihi wote wawili juu ya gundi. Kisha akamwambia achukue koti.

"Twende wapi?"

"Kwa hakimu, nipate hati ya upekuzi. Halafu hospitali. Wewe ndiye utamweleza hakimu kuhusu bahasha, kama ulivyonieleza mimi. Ukiacha kitu, nitakukumbusha."

Hati ilitoka saa tano na nusu. Saa sita na dakika tano Kalekye alikuwa ghorofa ya juu ya Hospitali ya Mama Mwikali. Mumo na konstebo mmoja alikuwa amewaacha wakisubiri koridoni.

Daktari Mwangangi alikuwa mtu mkubwa, mwenye mvi za hekima na mikono safi sana. Laptop ilikuwa mbele yake. Aliifunga Kalekye alipoingia.

"Inspekta. Nilidhani mambo haya yamefika mahakamani."

"Yanafika leo. Nafunga faili tu." Kalekye alilaza karatasi ya mistari minne juu ya meza. "Wakili wake atauliza kama kuna mtu mwingine angeweza kuandika hii rekodi. Kwa hivyo naandika kila mmoja wenu alikuwa wapi ilipoandikwa. Nianze na wewe, daktari."

"Mimi?" Mwangangi alitabasamu kwa uchovu. "Hilo ni rahisi. Nilikuwa chini na familia. Nilikuwa nampa mume pole. Tuliketi pamoja mpaka saa sita na robo hivi. Nilisikitika sana, yule alikuwa mama kijana."

Kalekye aliandika polepole, neno kwa neno, akamgeuzia daftari. "Ni hivyo?"

"Ndiyo."

"Tia sahihi hapo."

Alitia. Kalekye alivuta daftari, akaweka kidole kwenye karatasi, chini ya saa.

"Hii inasema saa tatu na dakika kumi asubuhi. Saa hiyo Ndila alikuwa mzima, ameketi wodini anangoja kuonwa. Ulikuwa unampa mume wake pole ya nini?"

Mwangangi aliitazama karatasi. Mkono wake ulikwenda kwenye laptop ukabaki hapo.

"Nimechanganya. Nilifikiri unauliza wakati wa kifo."

"Nimekuuliza rekodi ilipoandikwa, na ukajibu ya saa sita. Rekodi iliandikwa saa sita kasoro dakika nane. Mimi nimelijua hilo leo asubuhi, kutoka kwa seva. Wewe ulilijuaje?"

"Sipendi hii sauti yako."

"Na hata kwa familia hukwenda. Mume wake hajawahi kukusikia ukiongea." Kalekye aliita kuelekea mlangoni. "Konstebo. Mumo."

Alisoma hati yote kwa sauti, mpaka tarehe. Mwangangi alisema atampigia mtu simu. Kalekye akamwambia apige, spika ikiwa wazi. Hakupiga. Mumo aliketi mbele ya laptop bila kumtazama daktari, akafungua Kiraka mbele ya konstebo na katibu wa ofisi aliyeitwa kuwa shahidi. Dirisha dogo la kijivu lilitokea. Programu ilikuwa inakumbuka kilichojazwa mara ya mwisho. Kwenye sanduku la mfanyakazi: 0417. Kwenye sanduku la mgonjwa: Ndila Nzioka.

Konstebo alipiga picha. Katibu alifunika mdomo kwa kiganja.

"Hukufungua tablet," Kalekye alisema. "Sanduku jekundu lilikuwa linakungoja, na hukulifungua. Ulidunga tu."

"Nilikuwa na wagonjwa arobaini siku hiyo." Mwangangi alimgeukia. "Unajua kufunga hospitali hii maana yake nini kwa watu wa hapa? Yule alikuwa ameshakufa. Hakuna neno ningeandika likamrudisha."

"Kwa hivyo ukaongeza mwingine."

"Muuguzi angepata kifungo kidogo. Pengine onyo. Wanapata kazi kwingine."

Kalekye alikuwa amefanya kazi hiyo miaka kumi na saba. Alitoa pingu yeye mwenyewe, hakumpa konstebo. Alimfunga mbele ya katibu wake, akamshusha kwa ngazi, si kwa lifti, akampitisha katikati ya wodi ya wanawake ambako wauguzi wanne waliacha walichokuwa wakifanya. Mmoja wao, aliyebeba beseni, hakusogea kupisha. Ikabidi daktari apite kwa ubavu.

Kituoni ilikuwa saa nane kasoro robo. Musau alisoma taarifa zote akiwa amesimama, mara mbili, kisha akaenda dirishani.

"Kuna waandishi wawili kwenye geti. Walikuja kumpiga picha akienda kortini. Mtoe kwa mlango wa nyuma, gari imfikishe kwake. Tusikuze maneno."

"Mlimwingiza kwa mlango gani?"

"Kalekye."

"Nauliza tu, bosi."

Alimkuta Mutindi amesimama tayari katikati ya seli, amefunga viatu, akidhani anapelekwa mahakamani. Kalekye alimweleza kwa maneno machache: maombi mawili, saa, laptop, pingu. Mutindi alisikiliza bila kulia. Mwishoni alishika nondo za mlango kwa mikono yote miwili na kuzitikisa mara moja, kwa nguvu, mpaka vumbi likaanguka kutoka juu.

"Nilikuwa namletea chai," alisema. "Kila asubuhi, miaka tisa. Anaijua namba yangu kwa kichwa kwa sababu mimi ndiye nilimfundisha kutumia hiyo tablet."

"Pole, sista."

"Pole yako nimeisikia. Nataka kitabu."

Walimletea kitabu cha matukio pale mezani. Musau mwenyewe aliandika kwamba ameachiliwa. Mutindi alisoma, akamrudishia, akamwambia aandike kwa nini. Musau alitazama Kalekye. Kalekye alitazama ukuta. Musau akaandika mstari wa pili, akapiga muhuri.

"Gari iko nyuma," alisema.

"Huyo mama anazikwa lini?" Mutindi alimuuliza Kalekye.

"Kesho. Masii, nyumbani kwa mume."

"Nitaenda."

"Habari haitakuwa imewafikia wote. Kuna watu huko bado wanajua ni wewe."

"Wacha waniangalie."

Mutindi alinyoosha kola ya sare kwa vidole, akatoka kwa mlango wa mbele, akashuka ngazi kuelekea getini, mahali waandishi walipokuwa wameanza kuinua simu zao. Hakufunika uso.